Kibati Nambari 212

Murdoch Currie alishuka mgodini kwa mara ya kwanza Jumanne, tarehe 3 Oktoba 1967, siku tatu baada ya kutimiza miaka kumi na minane. Daftari la chumba cha taa linasema hivyo, kwa wino wa bluu uliopauka. Daftari lenyewe sasa limefungiwa kwenye kabati la kioo, na wageni hulipita wakienda kuvaa helmeti.

Port Carrick, mji mdogo wa kisiwani, ina akina Currie wengi kiasi kwamba jina peke yake halimtambulishi mtu. Mwaka ule aliposhuka, akina Murdoch Currie walikuwa watatu kwenye zamu moja, kwa hiyo kila mmoja aliitwa kwa jina la utani alilolikuta nyumbani kwao. Huyu ni Murdoch Kijiko. Siku moja babu yake alisahau chakula, akashuka na kijiko kitupu, akala kutwa kwenye makopo ya wenzake, na kijiko hicho kikawa urithi wa ukoo. Enzi za mgodi, watu waliomwita Kijiko walizidi mia nne. Leo, kwa hesabu yake mwenyewe, wamebaki sita, na wawili kati yao hawamtambui tena anapowatembelea kwenye nyumba ya wazee.

Alichimba makaa ya mawe chini ya bahari miaka ishirini na saba, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Miaka minne baadaye sehemu ya juu, mita mia mbili na arobaini za mteremko, ilifunguliwa tena kama makumbusho, na Murdoch akaajiriwa kuwashusha wageni. Viongozi wa mwanzo walikuwa kumi na wawili, wote wachimbaji. Maradhi ya mapafu yakawachukua mmoja mmoja. Tangu 2021 amebaki yeye tu. Watatu anaofanya nao kazi ni vijana waliojifunza mgodi kwa kusoma.

Kila Aprili viongozi wote hupelekwa kwa daktari kupuliza kwenye bomba la kupimia pumzi. Mwaka huu Murdoch alipuliza mara tatu, na mara zote tatu daktari aliandika kitu. Wiki iliyofuata meneja wa makumbusho, Danielle Petrie, alimwita ofisini. Danielle ana miaka thelathini na minane. Baba yake alichimba na Murdoch, na Murdoch ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Alimweleza kwamba ataruhusiwa kumaliza msimu, hadi Oktoba, kwa masharti mawili: safari mbili tu kwa siku, na asishuke kamwe peke yake.

"Ukishuka peke yako hata mara moja, mzee wangu, nitakutoa," Danielle alisema. "Nitalia, lakini nitakutoa."

"Utalia kwanza au utanitoa kwanza?"

"Usinichekeshe. Weka sahihi hapa."

Akaweka. Alikuwa anajua kilichokuwa kwenye karatasi ile. Ukiondoa kazi hiyo, hana miadi na mtu yeyote katika wiki nzima, isipokuwa simu ya Jumapili kutoka kwa binti yake, Sheila, ambaye yuko Alberta, upande wa pili wa nchi, tangu 2003. Wajukuu wake wawili hawajawahi kushuka mgodini. Walikuja kisiwani mara moja, mwaka 2011, wiki ambayo pampu ilikuwa imeharibika na njia imefungwa. Mkubwa sasa ana ndevu.

Anakaa Mtaa wa Tatu, katika nyumba iliyokuwa ya kampuni ya mgodi. Nyumba hizo zilijengwa mbili mbili, zikishirikiana ukuta wa kati. Nusu ya pili ya nyumba yake ilibomolewa mwaka 2020, baada ya mwenye nusu hiyo kufa na watoto wake, nao wako Alberta, kukosa mnunuzi. Ukuta uliokuwa wa ndani umekuwa wa nje. Murdoch anasema baridi si neno. Aliupigilia mbao, akaushindilia sufi ya kuzuia baridi. Neno ni kwamba kwa miaka arobaini alisikia upande wa pili mtu akikohoa, akifunga kabati, akimgombeza mbwa, na muda wote huo hakujua kwamba alikuwa anasikiliza. Mkewe, Bernadette, alifariki 2016. Jioni hunywa chai nzito, akala mkate na molasi, akawasha redio, na mara nyingi huizima kabla ya taarifa ya habari kwisha.

Alhamisi zilikuwa siku za karata. Tarabish huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na meza ya Murdoch kwenye ukumbi wa maveterani wa vita ilidumu miongo mitatu na watu walewale. Mwenziwe upande wake alikuwa Leo Gouthro, ambaye alichimba naye bega kwa bega tangu siku ya kwanza. Leo alifariki 2019. Wa tatu alihamia kwa binti yake bara. Murdoch na wa nne walijaribu kwa muda kucheza mchezo mwingine wa watu wawili, wakauona hauna maana, wakaacha bila kuambiana kwamba wameacha.

Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kundi la pili la Murdoch lilikuwa darasa la nne la shule moja iliyo mwendo wa dakika arobaini kwa basi: watoto kumi na sita na mwalimu wao, Lorna Rankin. Aliwapokea kwenye chumba cha taa, mbele ya ubao wa misumari.

Ubao huo ndio sheria ya kwanza ya mgodi, na Murdoch huieleza kabla ya kitu kingine chochote. Kila anayeshuka huchukua kibati cha shaba chenye nambari, akakitia mfukoni. Akipanda, hukitundika kwenye msumari wake. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu chini, na mtunza taa haendi nyumbani. Hakuna kusema fulani nimemwona. Ubao haujui macho ya mtu. Unajua kibati tu.

"Hiki kibati ni wewe," aliwaambia, akigawa. "Usimpe mtu. Usikipoteze. Na wewe, kijana, kitoe mdomoni, hujui kimelala wapi."

Mvulana mmoja aitwaye Colton alikitoa mdomoni, akauliza akikipoteza itakuwaje.

"Utabaki na panya."

"Wanakula nini?"

"Mkate wangu, miaka ishirini na saba."

Nambari 212 ilimwangukia msichana mwenye buti nyekundu za mvua, Devika Nambiar, miaka tisa. Familia yake ilihamia kisiwani kutoka Kerala miaka miwili iliyopita. Mama yake anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Devika hakutia kibati mfukoni. Alikishika mkononi, akafunga ngumi.

Walishuka. Dari ya mgodi ule ina mita moja na theluthi. Watoto hupita wima, na Murdoch hukunja mgongo kama alivyoukunja tangu ujanani. Anawapenda wageni watoto kuliko watu wazima, na sababu anayoitoa ni hiyo: hawalalamikii dari. Aliwaonyesha nguzo za mbao, akawagongea wasikie zinavyolia, akawaambia kwamba nguzo ikianza kuongea mtu hakai kuisikiliza. Aliwaonyesha mazizi ya farasi waliokuwa wakivuta mabehewa zamani za babu yake. Wengi waliuliza farasi walijisaidia wapi. Devika aliuliza kama farasi walijua kwamba wako chini ya bahari.

Murdoch alisema baadaye kwamba katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifikiri kidogo. Akamjibu kwamba babu yake alisimulia kuwa farasi walijua siku ya mapumziko, kwa hiyo huenda walijua na mengine.

Penye mita mia na themanini njia inapanuka kidogo, na hapo ndipo wageni huambiwa wazime taa. Murdoch anafanya tofauti na viongozi vijana. Wao huhesabu mpaka thelathini gizani, kisha wakawasha. Yeye huita nambari moja baada ya nyingine, na kila mtoto hujibu. Aliita 201, akajibiwa "nipo". Aliita 202. Sauti zilikuwa zinatoka pande zote, nyingine karibu kuliko mtu alivyotazamia. Alipofika 207, ambayo ilikuwa ya Colton, jibu lilikuwa "sipo," na watoto wakacheka.

Murdoch hakucheka. Alisubiri mpaka kicheko kikaisha.

"Hilo halisemwi humu," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mia mbili na saba."

"Nipo."

Akaendelea. Devika alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote, kiasi kwamba mwalimu alimshika bega.

Kupanda ndiko kulikoleta taabu. Murdoch husimama mara moja njiani, penye mita mia na ishirini, akijifanya anaonyesha mshipa wa makaa ukutani. Siku hiyo alisimama mara tatu, na mara ya tatu hakuwa na mshipa wa kuonyesha. Juu, dereva wa basi alikuwa anapiga honi. Alikuwa na safari nyingine na barabara ilikuwa inajaa maji. Mwalimu Lorna aliuliza kama wanaweza kutangulia. Murdoch aliwaashiria kwa mkono, kwa sababu pumzi ya kusema hakuwa nayo. Watoto walivua helmeti wakizitupa kapuni, wakatundika vibati kwa kusukumana, wakatokea mlango wa duka la makumbusho badala ya mlango wa mbele. Murdoch alipofika kwenye chumba cha taa, saa nane na dakika tano, basi lilikuwa limeshaondoka. Alitundika kibati chake, na misumari yote ikawa imejaa isipokuwa mmoja. Ulikuwa wa 212.

Mara mbili huko nyuma mtoto aliwahi kusahau kibati mfukoni. Mara zote mbili Murdoch alikimbilia mlangoni akakipata kabla basi halijawashwa. Safari hii alikung'uta helmeti zote kumi na saba, akapekua kapu, akainama chini ya benchi kwa tochi. Kisha akaenda ofisini.

Danielle alimpigia mwalimu papo hapo, akaweka simu kwenye spika. Mwalimu alijibu kutoka ndani ya basi. Alisema watoto ni kumi na sita, amewahesabu mara mbili, na Devika ameketi kiti cha tatu upande wa dirisha, anamwona. Kwamba ana kibati hakujua. Angeuliza, lakini mtandao ulikuwa unakatika, na kweli ukakatika hapo hapo. Danielle alijaribu tena bila mafanikio.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia Murdoch. "Yuko kwenye basi. Kibati kiko mfukoni mwake. Kitarudi kwa posta."

"Mwalimu kaona vichwa."

"Kaona mtoto, mzee wangu. Mwenye buti nyekundu. Wangapi wana buti nyekundu?"

"Na mimi niliona mtu, Danielle."

Kisa hicho Danielle anakijua, na mji wote unakijua.

Ijumaa, tarehe 17 Februari 1978, zamu ya mchana ilipopanda, msumari wa 377 ulibaki mtupu. Ulikuwa wa Leo Gouthro. Mtunza taa alimuuliza Murdoch, naye akajibu bila kufikiri kwamba Leo keshapanda, kamwona mbele yake kwenye behewa la kwanza. Alichokuwa amekiona ni mgongo wa mtu na kopo la chakula la bluu. Nyuso zote zikiwa nyeusi kwa vumbi, wanaume walitambuana kwa makopo. Ilikuwa siku ya mshahara, na siku za mshahara wengi waliondoka na vibati mfukoni kwa haraka ya kwenda kunywa. Mtunza taa akaandika kwamba 377 amepanda. Saa tatu usiku mke wa Leo alipiga simu mgodini. Walimkuta saa nane za usiku huo, nyuma ya dari iliyoporomoka, paja limevunjika, taa yake imefifia kama kaa linalozimika. Alikuwa amekaa humo muda wa saa kumi na moja.

Leo hakumlaumu. Aliligeuza jambo hilo kuwa mzaha, na mzaha uliishi miaka arobaini na mmoja. Mtu akiuliza ukumbini kama padri keshapita, au kama fulani keshaondoka, Leo angesema, "Muulizeni Kijiko, ndiye anayeonaga watu wakipanda." Meza nzima ilicheka, na Murdoch alicheka pia. Mara moja tu, hospitalini, mwezi mmoja kabla ya kufa, Leo alisema jambo jingine. Alisema mguu haukumsumbua sana usiku ule. Kilichomsumbua ni kwamba alikaa akingoja kusikia mtu akiita nambari yake, na hakusikia. Kisha akaomba maji. Murdoch akampa, na hawakulirudia tena.

Danielle alimwambia aende nyumbani akapumzike. Alimwahidi kwamba atampigia mama wa mtoto. Kweli alipiga; simu iliita bila kupokelewa, kwa sababu mama alikuwa kazini, na Danielle akaacha ujumbe. Saa tisa alitoka kwenda Sydney, mji mkubwa wa kisiwani, kwenye kikao. Alipopita dirishani alimwona Murdoch amevaa koti lake, amesimama mlangoni kama mtu anayengoja mvua ipungue.

Mvua haikupungua. Saa tisa na dakika ishirini Murdoch alivua koti, akavaa helmeti, akachukua taa na kibati chake mwenyewe, akafungua lango la mgodi kwa ufunguo wake. Mwanamke wa dukani alimwona akipita na akadhani anakwenda kuangalia pampu.

Alijua kwamba mtoto yuko nyumbani, au yuko njiani kwenda nyumbani. Hilo alilisema baadaye waziwazi, na ndilo gumu kulieleza kwa mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi ile. Msumari ulikuwa mtupu. Mwenye msumari mtupu hutafutwa, na anayemtafuta haulizi kama yupo.

Alishuka polepole, akisimama kila mita ishirini. Aliingia kila chumba cha pembeni, akamulika nyuma ya mabehewa, ndani ya mazizi, chini ya ngazi ya pampu. Kila alipofika aliita nambari. Hakuita jina la mtoto. Jina alikuwa nalo, lakini chini watu huitwa kwa nambari. Kule mbele, penye uzio unaozuia njia ya zamani, alishika vyuma akaita kuelekea gizani, ambako hakuna mtoto angeweza kupita hata angetaka.

Aliporudi penye mita mia na themanini, pumzi ilimwishia, akakaa chini. Alikaa muda mrefu kuliko alivyodhani. Akazima taa, kwa sababu, anasema, mtu mwenye taa hutazama badala ya kusikiliza. Maji yalikuwa yanadondoka. Pampu ilikuwa ikivuta na kunyamaza, ikivuta na kunyamaza. Aliita 212 mara nyingi. Baadaye aliita 377 mara moja. Hakueleza kwa nini, na aliyesimuliwa kisa hiki hakumuuliza.

Katika muda huohuo, umbali wa kilomita thelathini na tano, Devika Nambiar alikuwa amekaa mezani mbele ya sahani ya wali anaokataa kula. Shangazi yake alikuwa amemchukua shuleni. Mama yake, Sreeja, alirudi kutoka kazini saa kumi na robo. Mtoto alikuwa ameweka kibati kando ya sahani. Mama alimuuliza ni kitu gani hicho. Devika alisema ni yeye. Alieleza kwamba hakupata nafasi ya kukitundika, kwamba alikuwa ameambiwa asimpe mtu, na kwamba kwenye ubao yeye bado yuko chini.

Mama alimwambia watakituma kesho.

"Haiwezekani kesho," Devika alisema. "Yule babu hawezi kwenda nyumbani."

Sreeja ni mtu aliyefanya kazi ya zamu maisha yake yote. Alitazama simu yake, akakuta ujumbe wa Danielle, akavaa viatu tena.

Walifika saa kumi na moja na dakika kumi, karibu pamoja na Danielle aliyekuwa anatoka Sydney. Danielle alicheka alipoona buti nyekundu zikishuka garini, akawakaribisha ndani, akawaongoza kwenye chumba cha taa ili mtoto atundike kibati mwenyewe. Ndipo alipoona kwamba misumari mitupu ilikuwa miwili. Aliacha kucheka. Alishika lango la mgodi, akalikuta halijafungwa.

Alikuwa tayari amepiga simu ya kuomba msaada, na mkono wake ulikuwa unachukua helmeti, walipoona mwanga ukipanda mteremko, ukisimama, ukipanda, ukisimama. Ilichukua dakika tisa mwanga huo kuwafikia. Danielle alishuka akampokea, akampa bega. Murdoch alikuwa mweusi hadi shingoni na midomo yake ilikuwa na rangi ya risasi. Walimketisha kwenye benchi. Sreeja, bila kuulizwa na mtu, alipiga magoti, akamfungua vifungo vya shati, akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo.

Devika alisimama mbele ya Murdoch na kibati mkononi.

"Ulikuwa unanitafuta mimi?"

Murdoch alitikisa kichwa kukubali.

"Lakini nilikuwa nyumbani."

"Najua. Waliniambia."

"Uliniita?"

"Nilikuita."

"Mara ngapi?"

"Nyingi, mama."

Devika alifikiri. "Sikusikia," alisema, kama mtu anayeomba radhi. Kisha akauliza kama sasa anaruhusiwa kutundika. Msumari wake ulikuwa juu kidogo kuliko mkono wake, akasimama kwa ncha za vidole, akakosa mara mbili, akapata. Murdoch alimtazama mpaka kibati kilipoacha kuyumba. Ndipo akatoa cha kwake mfukoni, akampa naye akakitundika.

Gari la wagonjwa lilimchukua kwa usiku mmoja wa kuangaliwa. Muuguzi wa mapokezi alimuuliza jina la ndugu wa karibu wa kupigiwa simu. Alitoa jina la Sheila, kisha akasema huko kwao Alberta watu bado wako kazini, asisumbuliwe. Muuguzi aliuliza kama kuna mtu mwingine, wa hapa karibu. Murdoch alisema waandike jina la meneja wake.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi aliyekuja kumchukua hospitali alikuwa Danielle. Alimletea shati safi na kahawa. Hakumpeleka nyumbani moja kwa moja. Aliegesha gari mbele ya makumbusho, mvua ikiwa imekatika, na wakabaki ndani ya gari. Mazungumzo yalichukua dakika nne hivi.

"Ulijua mtoto yuko nyumbani," Danielle alisema.

"Nilijua."

"Basi ulishuka kumtafuta nani?"

"Hata Leo naye nilijua keshapanda."

Danielle alitazama usukani. Alimwambia Murdoch kwamba alitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba angekufa humo ndani, ambaye angeikuta maiti yake ni yeye Danielle, binti wa rafiki yake, na mtoto wa miaka tisa angekuwa amesimama nyuma yake na kibati. Kwamba hilo la mtoto ndilo lililomzuia kulala. Murdoch hakuwa amelifikiria hilo la mtoto. Kisha akasema Danielle ana haki.

Alitoa ufunguo wa lango kwenye mnyororo wake. Ulikuwa umekaa hapo miaka ishirini na sita na pete ilikuwa ngumu. Alihangaika nao, na Danielle hakumsaidia, kwa sababu alijua hapaswi. Akampa. Danielle akamwambia nafasi ya mtunza taa ipo: kukaa juu, kugawa vibati asubuhi, kuvipokea watu wakipanda, kuhakikisha ubao umejaa kabla ya mlango kufungwa. Kazi hiyo haina kushuka wala kupanda. Murdoch aliuliza kama kuna kiti. Danielle alisema kipo. Murdoch alisema atafikiria, akashuka garini, akaenda nyumbani kwa miguu, mitaa minne.

Jumapili Sheila alipopiga simu alimwambia kwamba mvua ilikuwa nyingi wiki hiyo.

Jumatatu, tarehe 17 Juni, kundi la kwanza litashuka saa tatu na nusu asubuhi: watoto ishirini na wawili wa darasa la tano. Atakayewaongoza ni Kayla Burke, miaka ishirini na mitatu, ambaye hajawahi kuchimba. Kwa mara ya kwanza mgodi wa Port Carrick hauna mchimbaji hata mmoja wa kuwashusha watu. Murdoch Currie amemjulisha Danielle kwamba atakuja kwenye chumba cha taa, ila si Jumatatu. Ataanza Jumanne, kama alivyoanza mwaka 1967.